MJADALA: Tuwapigie pofu na nyumbu fensi kwa sababu ya kupe?

Mleta mada, Monduli
Wakuu salaam. Huku kwetu kuna hoja imepamba moto kwamba eti magonjwa ya kupe hayaishi mpaka pofu, nyumbu na nyati watengwe na malisho, yaani ipigwe fensi au wapunguzwe, na wengine wanatoa mfano wa Marekani wanakowinda kulungu ili kupe wapungue. Mi napinga. Sibishi kwamba wanabeba vijidudu, bakteria wa maji moyo (ugonjwa wa kupe unaojaza maji kifuani, Ehrlichia ruminantium) anakaa ndani ya pofu au nyati na mnyama mwenyewe wala haonyeshi kuumwa, yule kupe mkubwa mwenye marangirangi akimnyonya akiwa mdogo anadondoka, anajibadili huko kwenye nyasi, halafu anakuja kupanda kwa mbuzi wako. Ila huyo huyo kupe akiwa mdogo anapanda hadi kanga na ndege wengine, sasa fensi ya kuzuia ndege mnaijenga vipi? Na ng'ombe aliyepona naye anabaki na vijidudu mwilini, kwa hiyo chanzo tayari kimelala bomani kwako.

Mfugaji, Longido
Mkuu unaongea kama mtu asiye na kondoo. Njoo uone kondoo anavyonyanyua miguu juu juu, anatafuna wakati mdomoni hana kitu, anazunguka, anaanguka anapiga mateke, ukimpasua kifua kimejaa maji. Hao wanyama wa serikali wanakula nyasi zangu, wanakunywa bwawa langu, wananiachia kupe, ng'ombe wangu akivuka mpaka napigwa faini. Wao wakivuka nani anapigwa faini???

Mama wa ng'ombe wa ndani, Kibosho
Kaka wa Longido pole sana, ila mimi huku Moshi pofu namwona kwenye TV tu na ndigana baridi, nayo ya kupe, imeniulia ng'ombe wa maziwa. Macho yalipauka yakaja njano, choo kigumu kama mawe, mkojo hauna damu yoyote. Majani tunanunua yanatoka huko chini tambarare, kupe wanapanda gari bure. Halafu yule anayekuja kuchoma sindano anatumia moja kwa mtaa mzima, mnategemea nini

Mleta mada, Monduli
Hapo kwenye sindano mama umegonga penyewe. Anaplasma, bakteria wa ndigana baridi, anakaa kwenye damu, kwa hiyo sindano, kisu cha kukatia pembe, hata nzi wanaouma wanamhamisha. Na kupe wa bluu dume anahama ng'ombe hadi ng'ombe mkiwalaza boma moja, hahitaji nyumbu katikati.

Afisa mifugo mstaafu, Arusha
Huo mfano wa Marekani mnaubeba nusu. Bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ule wanaoupata watu kwa kuumwa na kupe, hakai kwa kulungu, anakaa kwa panya na wanyama wadogo, kulungu kazi yake ni kumlisha kupe mkubwa mpaka atage. Kisiwani Monhegan, Maine, waliwaondoa kulungu wote kufikia 1999 na kupe kweli wakaporomoka, lakini hicho ni kisiwa kidogo baharini, sasa nyie mtamaliza nyumbu wote kuanzia Serengeti? Tena kuna ugonjwa mwingine wa kupe kule, wa bakteria Ehrlichia chaffeensis, ambao kulungu ndiye hifadhi yake hasa. Kwa hiyo hakuna jibu moja hata huko.

Mfano wa karibu ni kreta ya Ngorongoro. Wamasai walihamishwa kreta 1974, uchomaji nyasi nao ukakoma, nyasi zikawa ndefu kupe wakajaa, baada ya ukame wa 2000 nyati wakafa wengi sana na faru wakaguswa. (Pale babesia ndiyo ilitajwa, kijidudu cha damu kinacholetwa na kupe, nacho si bakteria, ila kupe ni kupe.) Baadaye wakarudia kuchoma kwa mpango na kupe wakapungua. Mnaona hapo mfugaji na moto wake walikuwa na faida.

Na jambo linaloniudhi kuliko yote: mtu akichanja ndigana kali, ugonjwa mwingine wa kupe usio wa bakteria, anaacha kuogesha. Chanjo ile ni ya ndigana kali PEKE YAKE. Ndigana baridi na maji moyo viko palepale vinakusubiri, halafu wanyama wakifa mnasema chanjo feki au mnamsingizia pofu.

Kijana wa duka la dawa za mifugo, Arusha mjini
Mzee umenena, na wengine dawa ya josho wanaizidishia maji ili idumu, kupe wanaoga wanatoka wasafi wazima wa afya 😂 Na OTC (oxytetracycline, dawa ya kuua bakteria) inachomwa kwa kila homa. Kwa ndigana baridi na maji moyo inasaidia ukiwahi, kwa ndigana kali umechoma maji.

Mfugaji, Longido
Sawa wasomi nimewasikia, hiyo ya chanjo hata mimi nilikuwa sijaambiwa. Lakini moto nikiwasha mimi nakamatwa, josho la kwetu limekauka, dawa dukani kwa huyo dogo bei juu. Nipeni ruhusa ya kuchoma kwa maandishi na maji ya josho, fensi naifuta kwenye ajenda yangu. Ya fidia ya nyasi siifuti.