Ngome na miji ya hija ya Wahindu: Rajasthan au Saurashtra?

Msafiri wa Tanga
Ndugu wanajukwaa, Januari ijayo, Mungu akipenda, nitafuatana na jirani yangu kwenda India. Yeye ni Mhindu mwenye asili ya Gujarat, magoti yake yamechoka, na ameweka nadhiri ya kuzuru mahekalu. Mimi ninatamani kuona ngome. Tunasita kati ya Rajasthan, yaani Chittorgarh, Nathdwara na Pushkar, na rasi ya Saurashtra, yaani Diu, Somnath, Junagadh na Dwarka. Naomba maoni ya waliofika.

Mwalimu wa Historia
Kwa ngome, sioni ya kuifikia Chittorgarh. Iko juu ya mlima wa mawe, barabara ya kupandia hupita katika malango saba, na ilitekwa mara tatu baada ya kuzingirwa: mwaka 1303, 1535 na 1568. Mnara wa Ushindi, uliojengwa na Rana Kumbha katika karne ya 15, una ghorofa tisa, na kuta zake zimejaa sanamu za miungu zilizochongwa kwa ustadi kiasi kwamba mtu huuzunguka muda mrefu kabla hajakumbuka kutazama kitu kingine. Jirani yako naye hatakaa bure, kwani ndani ya ngome hiyohiyo mna hekalu linalohusishwa na Mira Bai, mke wa mwana wa mfalme aliyetunga tenzi za kumsifu mungu Krishna. Kisha nendeni Nathdwara, ambako sanamu ya Shrinathji, yaani Krishna katika umbo la mtoto, ilihamishiwa kutoka Govardhan katika karne ya 17. Milango ya hekalu hilo hufunguliwa kwa vipindi, na anayechelewa husubiri kipindi kinachofuata. Pushkar, yenye ziwa takatifu na hekalu la mungu Brahma, ningeiacha safari ikiwa fupi.

Binti wa Mvita
Shikamoo Mwalimu. Chittorgarh siipingi, lakini historia yake inatupeleka moja kwa moja Saurashtra. Bahadur Shah, Sultani wa Gujarat aliyeiteka Chittorgarh mwaka 1535, ndiye ambaye mwaka huohuo, alipobanwa na majeshi ya Humayun, mfalme wa dola ya Mughal, aliwaruhusu Wareno kujenga ngome Diu. Ukisimama kwenye buruji zake, mawimbi yakipiga chini ya ukuta na mizinga ikiwa bado imeelekea majini, utaona bila kuelezwa kwamba waliojenga Ngome ya Yesu pale Mombasa kuanzia mwaka 1593 walikuwa watu walewale. Waturuki waliizingira Diu mwaka 1538 wakashindwa, na mzinga wao mmoja mkubwa, uliotengenezwa Misri, uko hadi leo katika ngome ya Uparkot mjini Junagadh. Tena karibu na Junagadh, upande wa msitu wa Gir, wanaishi Wasidi, ambao asili yao ni Afrika. Mtu wa pwani yetu asipite bila kuwajulia hali.

Mzee wa Ngamiani
Namuunga mkono Binti, na sababu yangu ni magoti ya jirani yako. Mlima Girnar hapo Junagadh una ngazi zipatazo 10,000, lakini tangu mwaka 2020 kuna magari ya kamba yanayobeba watu hadi kwenye hekalu la mungu wa kike Amba. Somnath iko ufukweni kwenye ardhi tambarare. Hekalu la sasa lilifunguliwa mwaka 1951, baada ya yale ya kale kubomolewa mara kadhaa, kuanzia uvamizi wa Sultani Mahmud wa Ghazni. Simu, kamera na mikoba huachwa nje, na wewe usiye Mhindu uanzie ofisi ya hekalu kuomba ruhusa. Kutoka hapo hadi Dwarka, kwa Krishna, ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Porbandar, kwa hiyo laleni njiani.

Mwalimu wa Historia
Kuhusu magoti nakubali, maana Chittorgarh ni pana na jua lake halina huruma. Hata hivyo nasisitiza kwamba Diu ni ngome ya wageni waliokuja kwa meli, na anayetaka kuona jinsi wafalme wa India wenyewe walivyojilinda itambidi apande Rajasthan siku moja.

Msafiri wa Tanga
Nawashukuru nyote. Tutaanzia Diu, kisha Somnath na Junagadh, na nadhiri itatimizwa Dwarka. Mzee, kule Porbandar ni mtaa gani ulio karibu na stendi ya mabasi na wenye nyumba za wageni tulivu?