Mjadala: Hiyo "mara tatu" imepimwa wapi?

Mleta mada, Kirumba: Wakuu, kikundi chetu cha wauza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki Mwanza, kina mfumo wa mauzo ulioandikwa kwa PHP, lugha ya programu. Fundi anataka hela ya wanachama auhamishie PHP 8 na kuwasha JIT, ile inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine huku programu ikiendelea kutembea. Anaahidi kasi mara tatu. Wengi wanasema tulipe. Mimi napinga.

Hiyo mara tatu hakuitunga. PHP wenyewe waliitaja walipotoa toleo la 8.0 Novemba 2020, ila kwenye majaribio ya kutengenezwa, siyo mifumo halisi. Kwa programu za kawaida walisema kasi inalingana na toleo la nyuma yake, 7.4. Hapo fundi kapameza.

Igoma: Ngosha, usimchinje mtu bure. Alituonyesha skripti ya kujumlisha magunia, kabla na baada. Tofauti tuliiona kwa macho.

Mleta mada: Skripti ya kujumlisha siyo mfumo, kaka. Halafu muulize: kwenye "kabla", OPcache, ile inayotunza msimbo uliokwisha kutafsiriwa ili usitafsiriwe upya kila mara, ilikuwa imewashwa? JIT inakaa ndani ya OPcache. Ukipima kabla ikiwa imezimwa na baada ikiwa imewashwa, kazi ya OPcache anasifiwa JIT. Na OPcache inakuja na PHP tangu 5.5 ya mwaka 2013, bure.

Nyegezi: Nawaingilia kidogo. Mimi nachakata sauti za vipima samaki ziwani kwa Python, lugha nyingine ya programu. Vitanzi, yaani msimbo unaojirudia, vya mamilioni ya namba. Kazi niliyokuwa naiacha usiku nikalala, baada ya kukikompaili kitanzi, yaani kukigeuza lugha ya mashine, kwa zana ya Python iitwayo Numba, naisubiri na kikombe cha chai. Kwa hiyo msiseme kukompaili ni porojo. Ila Numba inakompaili pale unapoita mara ya kwanza, na muda huo unauandika peke yake. Ukiuficha umedanganya, na ukiuchanganya na mingine umeharibu kipimo.

Mleta mada: Hapo dada umenena. Kazi yako ni hesabu mwanzo mwisho. Karani wetu akibonyeza ripoti, PHP inakaa tu kuisubiri hifadhidata. Tuseme anasubiri sekunde 10, na PHP yenyewe inakula 2. Izidishe kasi mara tatu: 2 inakuwa 0.67, karani anasubiri 8.67. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta, aliyasema haya 1967.

Pasiansi: Mbona Facebook 2010 walileta HipHop, PHP ikageuzwa C++, lugha inayokompailiwa, mzigo wa prosesa ukashuka karibu nusu?

Mleta mada: Mkuu, wao wana maelfu ya seva, nusu ya prosesa ni hela nzito. Sisi tuna seva moja, na mnada ukiisha inalala.

Igoma: Basi tupime ripoti yenyewe. Jumamosi asubuhi, malori yakipakia.

Mleta mada: Sawa. Mara kumi kabla, mara kumi baada, data ileile, OPcache imewashwa pande zote. Tunachukua muda wa katikati, siyo ule mfupi aliobahatika.

Igoma: Muda ukipungua robo, unakubali tulipe?

Mleta mada: Ukipungua robo nalipia robo. Bei ya mara tatu silipi.