Faranga 20 ya jogoo, 1909: ya mwaka huo kweli?

Kibubu: Wakuu, kuna faranga 20 ya dhahabu ya Ufaransa inauzwa. Upande mmoja Marianne (mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa), wa pili jogoo, mwaka 1909. Inaelekea wekundu, ina gramu 6.44, na ukingoni imeandikwa LIBERTE EGALITE FRATERNITE. Muuzaji ameongeza bei kwa sababu ya mwaka. Nipime nini? Na doa la kijani karibu na mkia wa jogoo, nilisugue?

Mizani: Mkuu, mwaka huo usiulipie hata kidogo. Jogoo wa 1899 hadi 1906 ana DIEU PROTEGE LA FRANCE ukingoni. Maneno ya hiyo yako yalianza 1907. Kati ya 1951 na 1960 Ufaransa ilichapa tena sarafu hizi zikiwa na miaka ya 1907 hadi 1914, na nyingi zina wekundu huo wa shaba. Dhahabu haikupunguzwa: sehemu 900 kwa 1,000, yaani gramu 5.81 halisi. Zidisha na bei ya gramu siku hiyo, uanzie hapo kupatana.

Kipenyo kiwe milimita 21. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, irudishe sifuri, uning'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa glasi. Isome 0.37 au 0.38. Sarafu ya madini ya risasi iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, ingesoma kama 0.57. Viputo vya hewa hupandisha namba, kwa hiyo itikise kwanza.

Lenzi10: Naongezea: kipimo cha maji hakimkamati mghushi aliyetumia dhahabu ya kiwango kilekile, na wapo. Linganisha manyoya ya jogoo na ya sarafu isiyo na shaka. Ya kughushi mara nyingi yamefifia, na uwanda wa sarafu (sehemu tupu isiyo na picha) una vijipele. Kagua pia ukingo, juu ya kichwa cha Marianne: alama ya lehemu maana yake iliwahi kuwa kidani, na thamani kwa mkusanyaji inaanguka.

Kibubu: Asante sana wakuu. Na doa?

Lenzi10: Usisugue! Mikwaruzo haifutiki. Kijani chenye unato kwa kawaida hutoka kwenye mfuko wa plastiki laini ya PVC. Iloweke kwenye asetoni safi (si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ina mafuta na manukato), chombo cha glasi, dirisha wazi, mbali na moto. Baada ya dakika kumi isuuze kwa asetoni mpya, iache ikauke yenyewe. Doa likibaki, ni shaba iliyoliwa. Liache hapo hapo.

Mizani: Na mfuko ule utupe, la sivyo kijani kitarudi.