Nakwenda Istanbul kuchukua mzigo: nianzie wapi kuufahamu mji wenyewe?

BintiTandika aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mfanyabiashara wa nguo za kike hapa Kariakoo, na mwezi ujao nitasafiri kwenda Istanbul kununua mzigo katika maduka ya jumla ya Laleli. Wenzangu walionitangulia hufika, huchagua nguo, humkabidhi wakala wa mizigo, kisha hujifungia hotelini wakisubiri ndege, na wakirudi hawana la kusimulia zaidi ya bei na baridi. Sipendi safari yangu iishie hapo. Nitapata muda wa ziada wakati mzigo unahesabiwa na kufungwa, nami ningependa kuutumia kuufahamu mji uliokuwa makao makuu ya dola mbili kubwa, ya Warumi wa mashariki na baadaye ya Waosmani. Habari za Ayasofya nimezisoma, lakini vivutio vinavyotajwa ni vingi mno, na sijui kipi nikishike na kipi nikiache. Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, na Kituruki sikijui. Naomba mnielekeze niende wapi, na nikifika nitazame nini.

MwalimuPangani alijibu:

Binti yangu, chagua mahali pawili au patatu tu, na kila unapofika ukae. Mtu anayezunguka mji ule kwa pupa huondoka na picha za makuba yaliyofanana, asijue lipi lilikuwa lipi.

Anza na msikiti wa Süleymaniye, kwa kuwa uko juu ya kilima kisicho mbali na Laleli na unaweza kufika kwa miguu. Ulijengwa kati ya mwaka 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Suleiman, na msanifu wake alikuwa Sinan, mtu aliyezaliwa katika familia ya Kikristo, akachukuliwa angali kijana kuingizwa katika utumishi wa sultani. Ukishaswali, usiondoke haraka. Zunguka nje uone kwamba msikiti ule haukujengwa peke yake: uliwekewa madrasa, hospitali, hamamu na jiko la kulisha maskini, vyote vikiendeshwa kwa mapato ya wakfu. Nyuma yake kuna bustani ya makaburi alikozikwa Suleiman na mkewe Hürrem. Kaburi la Sinan liko nje ya ua, kwenye kona ya barabara, nalo ni dogo kiasi kwamba watu wengi hulipita bila kulitambua. Ndani ya msikiti, hewa ilipangiwa njia ili moshi wa mamia ya taa za mafuta uelekee kwenye chumba kilicho juu ya mlango, na masizi yaliyokusanywa humo yakatumika kutengenezea wino. Mbele ya msikiti kuna safu ya migahawa inayopika maharage kwa wali, na chakula hicho hakitakuwa kigeni kwako.

Kisha nenda Ayasofya. Mfalme Justinian, wa hao Warumi wa mashariki, aliijenga iwe kanisa kuu, na kazi ile kubwa ilikamilika mwaka 537, baada ya miaka mitano hivi. Sehemu ya kuba ilianguka mwaka 558 kufuatia tetemeko, ikajengwa upya. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili alipouteka mji, kanisa likawa msikiti. Katika miaka ya 1930 likafanywa makumbusho, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Lakini tarehe hizi utazielewa vizuri zaidi ukitazama chini, kwenye zulia. Kwa kuwa jengo halikuelekezwa Makka, mihrabu imewekwa upande kidogo wa mhimili wa kanisa la zamani, na safu za swala zimekaa mshazari, hazilingani na kuta. Simama katika safu yako kisha inua macho: jengo linaelekea kwingine, nawe unaelekea kibla.

Aendaye kuswali huingia chini bila malipo. Mtalii wa kigeni, tangu Januari 2024, hutozwa euro 25 na hupandishwa ghorofa ya juu. Mimi ningelipa. Huko juu ndiko iliko picha ya vijiwe vya rangi ya Yesu akiwa kati ya Mariamu na Yohana Mbatizaji, ambayo sehemu ya chini imepotea huku nyuso zikiwa bado hai kabisa. Katika ukingo wa marumaru wa ghorofa hiyo kuna maandishi ya kukwaruzwa kwa herufi za watu wa Skandinavia wa kale, na jina Halfdan bado linasomeka. Hudhaniwa kuwa alikuwa askari wa kukodiwa wa mfalme.

Msafiri_Mvita alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu, ila naona amemweka dada kwenye majengo tu. Istanbul ni mji wa watu wanaoishi, na mahali pazuri pa kuwaona ni kwenye pantoni. Panda tramu kutoka Laleli hadi Eminönü, kisha uvuke bahari kwenda Kadıköy ukitumia kadi ileile ya usafiri wa umma. Safari ni ya dakika ishirini hivi, na unatoka Ulaya kuingia Asia pamoja na wafanyakazi wanaorudi makwao, kama vile sisi tunavyovuka Likoni. Chai huuzwa humo katika vigilasi vilivyobanwa kiunoni, bila maziwa, na watu huwarushia shakwe vipande vya mkate wa ufuta.

Ukibakiwa na nafasi, tembea mitaa ya Fener na Balat. Fener ndipo yalipo makao ya Patriaki, yaani kiongozi mkuu wa kanisa la Kiorthodoksi, mpaka leo, na Balat ulikuwa mtaa wa Wayahudi, ambao wengi wao walikuwa wazao wa waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 na kupokewa na Sultani Bayezid wa Pili. Nyumba zile za rangi rangi ambazo kila mtu huzipiga picha ziliachwa na watu. Wagiriki wengi wa mji ule walihama baada ya ghasia za Septemba 1955, ambapo maduka, nyumba na makanisa yao yalivunjwa. Wanaoishi humo sasa nao ni familia zenye staha zao, kwa hiyo usisimame mlangoni mwa mtu na kamera.

Mtafiti_Unguja alijibu:

Naongeza jambo ambalo Mwafrika hapaswi kulipita. Ukienda kasri la Topkapı, walimoishi masultani wa Kiosmani, ingia sehemu ya harimu, yaani makazi ya wanawake na familia ya sultani, na uutafute ua wa matowashi weusi. Wavulana wa Kiafrika, wengi wao kutoka pande za Uhabeshi na Sudan, walinyakuliwa, wakahasiwa, wakauzwa, na waliofika pale waliwekwa kuwa walinzi wa harimu. Mkuu wao alipata kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa katika dola, kwani ndiye aliyesimamia wakfu za Makka na Madina. Hacı Beşir Ağa, Mhabeshi, alishika cheo hicho kuanzia mwaka 1717 hadi alipofariki mwaka 1746. Msikiti na maktaba aliyoijenga viko karibu na kasri, na watalii hawapagombanii. Vyumba vya ua ule ni vyembamba, vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, huku kuta zikiwa na vigae vya thamani. Nilipoviona nilishikwa na huzuni na heshima kwa pamoja, na nadhani vyote viwili vinawastahili wale waliokaa humo.

BintiTandika aliandika:

Shikamoo Mwalimu, nanyi ndugu zangu nawashukuru kwa dhati. Sikujua kabisa habari za matowashi, na sasa Topkapı siiachi. Je, kuna siku za kuepuka?

MwalimuPangani alijibu:

Marahaba, binti yangu. Topkapı hufungwa Jumanne, na soko kuu lenye paa, lile la Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili. Maduka mengi ya jumla ya Laleli nayo hupumzika Jumapili, hivyo siku hiyo ifanye ya kasri asubuhi na pantoni jioni. Ijumaa misikiti mikubwa haipokei watalii mpaka swala ya Ijumaa iishe, lakini wewe unakwenda kuswali, kwa hiyo nenda Süleymaniye mapema upate nafasi upande wa wanawake.