Ukomo wa malipo ya bosi wa kampuni ya kigeni: "mara 20" itashika huku Mtwara na Lindi?

Mdau wa Mikindani

Wakuu, salaam. Kuna mdahalo unaandaliwa hapa Mtwara mjini. Mada: sheria iweke ukomo, bosi wa kampuni kubwa asilipwe zaidi ya mara 20 ya mfanyakazi wa chini kabisa. Mifano itakuwa ya kwetu: gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, saruji, kinywe (grafiti) cha Ruangwa, na mradi wa LNG (gesi inayogeuzwa kuwa kimiminika) wa Likong'o tunaousubiri miaka yote hii.

Upande unaounga mkono umejipanga kwa hoja ya haki, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Kinachonikwamisha ni utekelezaji. Tukiandika "mara 20", yanahesabiwa malipo gani, ya nani, na mkaguzi ni nani? Na bosi mwenyewe akiwa amekaa Paris, London au Oslo, sheria ya Dodoma inamkamatia wapi? Naomba wenye kuzijua hesabu na sheria wanisaidie.

Karani wa Wanahisa

Mdau, anza na neno "mshahara", maana ukomo mwingi umevujia hapo.

Bosi wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa ana mshahara wa mwezi, bonasi ya mwaka, hisa anazokabidhiwa baada ya miaka kadhaa malengo yakitimia, mchango wa pensheni, nyumba, gari, ada za shule za watoto na malipo ya kuondokea. Kwenye makampuni makubwa ya Marekani na Uingereza mshahara wa mwezi ndio kipande kidogo, fungu kubwa liko kwenye hisa. Ukibana kipande kimoja, fedha zinahamia kingine.

Marekani walijaribu 1993. Sheria ya kodi ikasema kampuni isipunguze kwenye faida yake inayotozwa kodi malipo ya mkubwa yanayozidi dola milioni 1 kwa mwaka, isipokuwa yanayotegemea utendaji. Huo msamaha wa mwishoni ndio uliobomoa kila kitu. Mishahara mingi ilisogea hadi kwenye ile milioni 1, na haki za kununua hisa kwa bei ya zamani zikagawiwa kwa wingi kwa sababu zilihesabiwa kuwa "utendaji". Msamaha ulifutwa 2017, baada ya miaka 24.

Umoja wa Ulaya nao, kuanzia 2014, uliweka ukomo kwa mabenki: bonasi isizidi mshahara wa mwaka, au mara mbili yake wanahisa wakiridhia. Benki zikapandisha mishahara, na nyingine zikabuni posho ya wadhifa inayolipwa kila mwezi. Yaani mtu alibaki na fedha zilezile, ila sasa hata benki ikipata hasara analipwa. Uingereza ikauondoa ukomo huo Oktoba 2023.

Wapinzani wenu watakuja na Uswisi, jiandaeni. Mwaka 2013 wananchi walipiga kura mbili. Machi, karibu asilimia 68 walikubali kwamba malipo ya wakubwa lazima yapitishwe na wanahisa na kwamba malipo ya kuondokea yapigwe marufuku. Novemba, asilimia 65 walikataa ukomo wa mara 12. Kwa hiyo hasira dhidi ya malipo makubwa ilikuwepo, ila hawakutaka serikali iandike namba.

Mfano ninaowashauri muusome kwa makini ni wa Israel, 2016, kwa mabenki na kampuni za bima. Malipo yanayozidi shekeli milioni 2.5 kwa mwaka hayapiti bila idhini maalumu, na hata yakiidhinishwa hayaruhusiwi kuzidi mara 35 ya gharama ya anayelipwa kidogo zaidi, *wakiwemo wafanyakazi wa wakala*, yaani walioajiriwa na kampuni nyingine lakini kazi yao iko hapo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye nguvu.

Kwetu ukomo uliwahi kutamkwa. 2016 Rais Magufuli alisema mkuu wa taasisi ya umma asizidi shilingi milioni 15 kwa mwezi. Ulitekelezeka kwa sababu serikali ndiye mwajiri. Sasa ipime kwa kipimo chenu: kima cha chini cha serikali tangu Julai 2025 ni 500,000, na milioni 15 ni mara 30 yake. Ukomo ulioonekana mkali kuliko wote nchini bado unapita hiyo 20. Msiseme 20 kwa sababu inapendeza kutamka. Elezeni imetoka wapi.

Mwakilishi wa Tawi

Naongezea hapo kwenye wafanyakazi wa wakala.

Chukua kampuni ya kufikirika. Meneja mkuu analipwa milioni 60 kwa mwezi, msafishaji 400,000. Uwiano ni 150. Kampuni inawahamishia wasafishaji, walinzi na wapishi kwa mkandarasi. Anayebaki chini kabisa kwenye daftari lake ni dereva wa 900,000, na uwiano unakuwa 67. Hakuna aliyepunguziwa wala kuongezewa hata senti, na msafishaji yupo palepale na fagio lake, ila sare imebadilishwa nembo. Kwa kawaida mkandarasi anakata faida yake kwenye fungu lilelile, kwa hiyo msafishaji anaweza kuishia kupata pungufu. Sheria ya uwiano isiyomtaja mkandarasi inawaumiza walewale inaotaka kuwatetea.

Angalieni pia uwiano unaotangazwa Ulaya na Marekani, maana watu huusoma wakidhani nasi tumo. Uingereza, kwa miaka ya fedha iliyoanza Januari 2019 na kuendelea, kampuni iliyo kwenye soko la hisa yenye wafanyakazi zaidi ya 250 nchini humo inatangaza uwiano wa bosi na wafanyakazi wake wa Uingereza. Mlinzi wa Lindi hayumo. Marekani wanamlinganisha bosi na mfanyakazi wa katikati, duniani kote, ila wanaruhusiwa kuwaacha nje walio ng'ambo hadi asilimia 5 ya wote, na wafanyakazi wa mkandarasi asiye na uhusiano na kampuni hawahesabiwi kabisa. Kampuni yenye watu laki moja ikiwaacha elfu tano, Mtwara nzima inaweza kutoweka kwenye hesabu.

Daftari Wazi

Mdau ameuliza bosi akiwa Paris anakamatwa wapi. Yeye mwenyewe hakamatwi. Kinachokamatika ni gharama yake inapoletwa huku.

Inaletwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada ya usimamizi. Kampuni mama inaitoza kampuni tanzu ya Tanzania kwa "huduma za makao makuu": uongozi, sheria, teknolojia, rasilimali watu. Malipo ya wakubwa wa kule yamo humo, yamegawanywa. Tuseme mauzo ya huku ni bilioni 100 na ada ni asilimia 3, yaani bilioni 3. Faida ya huku inapungua bilioni 3, na kodi ya kampuni kwa asilimia 30 inapungua milioni 900. Serikali inapata kodi ya zuio, inayokatwa kabla ada haijatumwa nje, ya asilimia 15, yaani milioni 450. Zilizobaki milioni 450 ni mchango wetu kwenye makao makuu ya watu, bila kuulizwa. Sheria ya bei baina ya kampuni zenye uhusiano inaitaka kampuni ithibitishe kwamba huduma ilitolewa kweli na bei ni ile ambayo mgeni asiye ndugu angelipa. Ada inayokokotolewa kwa asilimia ya mauzo tu, bila orodha ya kazi zilizofanyika, ndiyo ya kushikilia. Huduma haiongezeki kwa sababu bei ya saruji imepanda.

Ya pili ni ya gesi. Kwenye mkataba wa kugawana uzalishaji, mwekezaji anarudishiwa kwanza gharama zake kutoka kwenye gesi, ndipo kinachobaki kigawanywe. Gharama ya makao makuu ikiingia kwenye fungu la kurudishwa, inakatwa kabla ya mgao wa taifa. Anayekagua fungu hilo ni PURA, mamlaka ya serikali inayosimamia utafutaji na uzalishaji wa mafuta na gesi. Kwa hiyo kwenye mkataba wa Likong'o swali la maana kuliko mara 20 ni hili: je, bonasi na hisa za wakubwa zimetajwa waziwazi kuwa gharama *isiyorudishwa*? Mstari mmoja kwenye kiambatisho cha uhasibu unaokoa zaidi ya mdahalo wowote.

Mtego mwingine: msitumie takwimu za PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) kupima malipo ya bosi aliyeko huku. Gari analopewa na mwajiri linathaminiwa kwa jedwali la ukubwa wa injini. Land Cruiser ya cc 4,500 yenye umri chini ya miaka mitano inahesabiwa shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Kulikodi tu halitoki kwa bei hiyo hata mwezi mmoja. Ukomo upimwe kwa gharama halisi anayoibeba mwajiri.

Nachingwea Kwetu

Nakubaliana na hesabu, lakini naupinga ukomo wenyewe. Wataalamu wa visima vya kina kirefu na wa mitambo ya kugeuza gesi kuwa kimiminika wanagombewa na Qatar, Msumbiji na Australia. Mkiweka mara 20, meneja ataajiriwa na kampuni ya Dubai, aje huku kwa mkataba wa huduma, na jina lake lisionekane kwenye daftari lolote la Tanzania. Mtakuwa mmepoteza hata PAYE yake ya asilimia 30.

Karani wa Wanahisa

Nachingwea, hatari ya Dubai ni ya kweli, na ndiyo sababu kifungu lazima kimtaje mtu anayeongoza kazi huku, awe ameajiriwa na nani asiajiriwe na nani. Lakini usichanganye mtaalamu wa kisima na mkurugenzi mtendaji. Hakuna anayependekeza kumbana fundi.

Na hiyo hoja ya soko la dunia haijitoshelezi. Likong'o ina waendeshaji wawili wakubwa, Shell na Equinor. Serikali ya Norwei ina asilimia 67 ya Equinor, na mwongozo wake kwa kampuni ilizo na hisa unasema malipo ya wakubwa yawe ya ushindani lakini yasiwe ya kuongoza soko. Equinor haijakosa wahandisi kwa sababu hiyo. Mwenye mali akisema basi, inawezekana.

Kura ya wanahisa nayo isiaminiwe kupita kiasi. Aprili 2016 asilimia 59 ya kura za wanahisa wa BP zilikataa malipo ya takriban pauni milioni 14 kwa bosi wao, katika mwaka wa hasara. Kura ilikuwa ya ushauri tu, fedha hazikurudi. Mwaka uliofuata ndipo yalipopunguzwa. Mwanachama wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) hapa Newala au Masasi ana nguvu zaidi: posho ya bodi haipiti bila mkutano mkuu.

Mdau wa Mikindani

Asanteni sana. Basi kama namba ni dhaifu, tupendekeze maneno gani?

Mwakilishi wa Tawi

Namba ibaki, ila izungukwe. Mimi ningeandika hivi: "Gharama yote ya mwaka ya anayeongoza shughuli za kampuni nchini, kwa fedha, hisa au manufaa, bila kujali ameajiriwa na kampuni ipi, itangazwe kama uwiano wa gharama ya anayelipwa kidogo zaidi kati ya wanaofanya kazi kwenye eneo la kampuni, wakiwemo wa wakandarasi. Sehemu inayozidi mara 30 isikubalike kama gharama ya kodi wala isirudishwe kwenye mgawanyo wa gesi." Nimeweka 30 kwa sababu serikali tayari iliikubali kwa wakuu wake, kwa hesabu aliyoonyesha Karani. Haumkatazi mtu kulipwa. Unakataza Watanzania kumchangia.

Wakati sheria inasubiriwa, chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa kinaweza kudai taarifa zinazohitajika kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora. Ipo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 70. Mwajiri anaweza kuzuia taarifa ya siri ya mtu mmoja mmoja, kwa hiyo ombeni jumla ya kundi.

Daftari Wazi

Na jumla hiyo ipo tayari. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, namba IAS 24, vinadai hesabu zilizokaguliwa zionyeshe malipo ya viongozi wakuu kwa jumla, yakigawanywa mafungu matano: ya muda mfupi, ya baada ya ajira, ya muda mrefu, ya kuondokea na ya hisa. Fungueni maelezo ya mwishoni kwenye hesabu, tafuteni kichwa cha miamala na wahusika wenye uhusiano. Mara nyingi ada ya usimamizi imeandikwa ukurasa huohuo. Ziwekeni namba hizo mbili kando kwa miaka mitatu mfululizo: malipo ya viongozi wa huku yakishuka huku ada ikipanda, ulizeni orodha ya huduma.