Mtindo wa Vancouver: waandishi tisa, niandike wangapi?

Tabibu wa Chake: Assalaam alaykum. Naandaa muswada kuhusu kichocho Pemba, na jarida linataka marejeo ya Vancouver, yaani mtindo wa kutaja vyanzo kwa namba. Makala moja ina waandishi tisa, niwataje wote? Tena kila nikihamisha aya, namba zinavurugika.

Bi Maktaba: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Wakizidi sita, andika sita wa mwanzo, kisha “et al.” (yaani na wengineo). Ila soma kwanza maelekezo ya jarida lenyewe: mtindo wa AMA (Chama cha Madaktari cha Marekani) nao hutumia namba, lakini hapo wakizidi sita hutajwa watatu tu. Namba hufuata mpangilio wa kutajwa, na chanzo kikirudi hubaki na namba yake ile ile. Usizipige kwa mkono! Tumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, itazipanga upya yenyewe.

Mhakiki Unguja: Naongeza la majina, maana linatuumiza sana sisi. Juma Khamis Ali huwa “Ali JK”. Ukilijaza jina lote kwenye kisanduku kimoja cha Zotero, bila kulitenga jina la mwisho, programu haitalifupisha. Chanzo kilichomo ndani ya jedwali tu hupata namba pale jedwali linapotajwa mara ya kwanza. Majina ya majarida nayo hufupishwa bila nukta: New England Journal of Medicine huwa N Engl J Med.

Tabibu wa Chake: Shukran sana. La jedwali ndilo lililonikwamisha.