Mjadala: Majibu ya utafiti wa ubongo yaanzie shehiani au majaridani?

Mleta mada, Wete

Assalamu alaykum ndugu wachangiaji.

Mtoto wa jirani yangu ana kifafa, na miaka kadhaa nyuma aliingizwa katika utafiti fulani: akavishwa kofia ya nyaya za kupimia umeme wa ubongo, na mama yake akatia dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa. Alichonisimulia hasa ni ile jeli waliyompaka mtoto kichwani, jinsi ilivyokauka nyweleni ikawa kama gundi, akamkosha mara tatu na bado chenga zikabaki nyuma ya sikio. Halafu akaniuliza, bila ya hasira yoyote: "Mwalimu, yale majibu ya kichwa cha mwanangu yalikwenda wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Hoja yangu ni kwamba mtafiti anayechukua vipimo vya ubongo kwa watu wa Unguja na Pemba alazimike kuyarudisha matokeo yake kwa Kiswahili, mbele ya sheha, yaani kiongozi wa mtaa, na wazazi, kabla hajayachapisha. Tusilichukulie jambo hili kuwa ni hisani. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964, katika toleo lake la 2013 linataka washiriki wa utafiti wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo yake ya jumla. Lakini mtafiti hupanda cheo kwa makala za Kiingereza, na mkutano wa shehia haumwongezei kitu.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Mwaka 2001 jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti uliofanywa hapa Pemba kwa watoto 614 wa chini ya miaka mitano, ulioonesha kuwa waliopewa dawa ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika kusema, na waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu wakaendelea vizuri hata katika kutambaa na kutembea. Sababu yake inaelezeka barazani bila ya taabu: ubongo unaokua unahitaji chuma, pamoja na mengine, ili kuunda utando unaozifunika nyuzi za neva, mfano wa ule mpira wa juu ya waya wa umeme, na ujumbe ukapita kwa kasi. Nani kati yenu aliyewahi kulisikia hilo katika mkutano wa shehia yake?

Msaidizi wa utafiti, Chake Chake

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Habari ya jeli naikubali, nimeipaka mwenyewe kwa vichwa vingi. Ninalolikataa ni neno "kabla", na mfano wako mwenyewe ndio unaokuumbua, kwani utafiti huo wa chuma una mwenzake. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, hapa hapa Pemba, wa watoto zaidi ya 24,000. Chuma na asidi ya foliki, ambayo ni aina ya vitamini, walipopewa watoto bila ya kupimwa kwanza kama wana upungufu, katika mahala palipokuwa na malaria nyingi, viliongeza kwa asilimia 12 hatari ya mtoto kuugua hadi kulazwa au kufa, na ugawaji wa chuma ukasimamishwa mwaka 2003. Fikiria tungekuwa tumeshazunguka shehia zote tukitangaza kwamba chuma humfungua mtoto ulimi. Mzazi gani asingekimbilia duka la dawa?

Picha za ubongo ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu zina rangi na mtu huamini anachokiona. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimtia samaki aina ya samoni, tena maiti, ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, wakamwonesha picha za watu. Hesabu zilipopigwa bila ya masahihisho yanayotakiwa, ubongo wa samaki ukaonekana unafanya kazi. Walikusudia kuwaonya wenzao, na onyo likafika. Picha ile ingelianzia kwa wavuvi wa Msuka, wangelicheka mwaka mzima, na wangelikuwa na haki. Hata Hans Berger wa Ujerumani, aliyekuwa wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu, alirekodi 1924 na hakuchapisha mpaka 1929.

Muuguzi, Micheweni

Samahanini kaka zangu. Mnagombania kabla na baada, na mimi nimekwisha kufunga vidonda vya mtoto wa kifafa aliyeangukia moto akaachwa hapo hapo, kwa kuwa watu waliamini povu lake linaambukiza. Haliambukizi, na hilo halingoji jarida lolote. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila ya kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Mzazi akimnywesha mwanawe kombe, yale maji yaliyooshewa aya za Kurani, simkatazi. Ninachomwambia ni kwamba vidonge vyake vya kifafa, fenobabitoni, visikatizwe ghafla, maana hapo ndipo huja degedege lisilokatika.

Mleta mada

Dada yangu amenirekebisha, na ninalipunguza neno langu. Yaliyokwisha kuthibitika yasemwe leo. Kipimo cha mtoto mmoja mmoja apewe mzazi wake, kwa sababu hicho hakihitaji jarida. Matokeo mapya nakubali yapitiwe kwanza na wenye taaluma, ila siku yanapochapishwa yawe yameshaandikwa kwa Kiswahili, na kamati ya maadili isimpe mtafiti kibali kingine mpaka sheha athibitishe kuwa mkutano umefanyika.

Lakini mfano wako wa 2006 siuoni kuwa unaniumbua. Aliyepewa habari ya kwanza ndiye anayestahili kupewa ya pili, tena kwa haraka zaidi. Kumnyima zote mbili hakumlindi, kwa sababu dukani atakwenda tu, kwa kusikia kwa jirani.

Nami nina swali kwako, ndugu yangu wa Chake Chake, na ulijibu bila ya kuona haya. Hivyo vichwa vingi ulivyovipaka jeli, vingapi uliwahi kuvirudia?